Fundi Umeme na Pikapu Iliyogoma Kuchaji

Naanza na kosa lake, kwa sababu sifa zake kila mtu wa Kaloleni anazijua. Fundi Umeme alikuwa hakai kwenye kiti cha gari la mtu. Ovaroli yake ilikuwa na grisi ya miaka, ile isiyotoka hata kwa mafuta ya taa, na aliona ni aibu fundi kumrudishia mtu gari lenye alama ya makalio yake. Kwa hiyo yeye aliinamia injini, wewe mwenye gari ukakaa kwenye usukani, na kazi ikaenda kwa mdomo. Anauliza kutoka mbele, unajibu kutoka ndani.

"Fungua swichi. Taa?"

"Imewaka."

"Piga stata. Taa?"

"Imezima."

Basi. Ulichosema alikiamini. Mafundi wengine wa mji huu wanakunyang'anya funguo, wanakaa pako, wanasukuma kiti nyuma na kubadilisha stesheni ya redio. Yeye hapana. Na mimi, mwanamke mwenye ubatizo, kipaimara na cheti cha kidato cha nne, niliitumia heshima yake hiyo kumdanganya wiki tatu mfululizo. Nitaeleza. Nina hasira na jambo hilo mpaka leo, na nikiwa na hasira huwa naeleza vizuri.

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sijui. Hakusema, na mimi sikwenda pale kuuliza ukoo, nilikwenda kwa sababu pikapu ilikuwa haichaji. Mji mzima ulimwita Fundi Umeme, hata mkewe. Banda lake lilikuwa mabati manne juu ya nguzo, meza ya kazi, na benchi moja refu la wateja lililong'aa kwa kukaliwa. Juu ya ovaroli alivaa koti la kike la mtumba, rangi ya zambarau, vifungo vikubwa kama visahani. Alilinunua kwa ajili ya mifuko. Mfuko huu koleo, ule bisibisi, ule wa ndani taa yake ya kupimia, ambayo ilikuwa globu moja na waya mbili na ndiyo mashine pekee aliyokuwa nayo.

"Fundi, umevaa koti la mama," watu walimtania.

"La mama yako lina mifuko mingapi?" aliuliza, na alikuwa anataka jibu kweli.

Huyo huyo mwenye koti la mtumba alichukia vipuri vya mtumba kama ukoma. Miaka ile biashara ya nje ilikuwa imefunguliwa, magari ya Dubai na Japani yanaingia mpaka unashindwa kuvuka barabara, na vipuri vinashushwa kwa makontena na kumwagwa kwenye turubai kama viatu. Wengine tulishangilia. Yeye alisema zamani fundi alikuwa mtu anayetengeneza kitu, sasa amekuwa mtu anayefungua kimoja na kufunga kingine. Wakati wa shida, brashi za alteneta, ile mashine ya kuchaji betri, zilipokosekana nchi nzima, alivunja betri kuukuu za tochi, akatoa ule mkaa wa katikati, akausugua kwenye jiwe mpaka ukawa na umbo la brashi, na magari yakaenda Dodoma na kurudi. Boksi la mikaa hiyo alikuwa nalo bado, wakati brashi mpya zinauzwa hatua ishirini kutoka bandani.

"Siku moja watafunga tena," alisema. "Mtanitafuta."

Chai yake aliweka sukari vijiko sita. Nilipomuuliza, alisema alikunywa chai bila sukari miaka yote ile ya foleni na sasa anamalizia ya nyuma.

Alikuwa hajui kuendesha gari. Watu hawaamini nikisema, lakini ni hivyo. Alikuja kazini kwa baiskeli kutoka Moshono, na taa ya baiskeli hiyo ilikuwa haiwaki. Nilimwambia fundi umeme gani anapita gizani. Akasema baiskeli haijaleta malalamiko.

Kwa waya alikuwa na subira ya ajabu. Angekaa nusu siku anafuata waya mmoja mweusi katikati ya waya nyeusi arobaini, huku anaimba besi ya kwaya kwa sauti ya chini. Kwa watu subira ilikwisha kabla ya salamu. Alitukana kila mtu, sawasawa, mchungaji na mpiga debe. Ndiyo maana nilimpenda. Magereji mengine nilipofika na mtoto mgongoni waliniuliza mume wangu yuko wapi. Yeye aliniuliza betri ina umri gani, na niliposema sijui, akaniambia nina akili za kuku. Hakusema akili za kike. Akasema za kuku. Kisha akachukua tairi bovu, akaliwekea gunia katikati, akamkalisha Neema wangu humo. Alikuwa na miezi saba. Mtoto wangu alijifunza kukaa wima ndani ya tairi la lori.

Sasa kikao. Hiki ndicho kilichomtofautisha na mafundi wote niliowahi kuwajua. Gari likiwa na ugonjwa wa kurudi, leo zima kesho limelala, hakuligusa mpaka wote waliolishika wakae kwenye benchi. Mwenye gari, dereva, shemeji, fundi wa kwanza kama atakubali kuja. Anawapitia mmoja mmoja na swali lile lile: uligusa nini? Hakuuliza nani kaharibu. Alisema ukiuliza nani kaharibu unapata ugomvi, ukiuliza mtu kagusa nini unapata njia.

Nilishuhudia kikao cha teksi moja iliyokuwa inakufa kila Jumatatu. Jumanne mpaka Jumapili ni nzima, Jumatatu betri haina kitu. Mwenye teksi alikuwa ameshabadilisha betri mbili. Benchini walikaa yeye, dereva wake, na mdogo wake wa kiume.

"Uligusa nini?" Fundi akamfikia mdogo mtu.

"Sijagusa. Niliazima tu."

"Uliazima gari?"

"Betri. Jumapili jioni. Kwetu hakuna umeme, na televisheni ile ndogo inatumia betri ya gari."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka mpira uishe."

Mwenye teksi alisimama, Fundi akamwambia akae, kikao hakijafungwa. Akamgeukia dogo tena. "Nani alicheza?" Akajibiwa. "Nani alishinda?" Akajibiwa. Ndipo akafunga kikao na kuwaambia waondoke, gari halina ugonjwa, lina shabiki.

Kikao cha pikapu yangu kilikuwa hivi. Mume wangu alikuwa Mererani anachimba madini, anarudi nyumbani kwetu Olmotonyi mara moja kwa mwezi akipenda. Pikapu alinunua yeye, kuendesha alinifundisha yeye, kwenye barabara ya chuo cha misitu, halafu akarudi shimoni na mimi nikaanza kazi. Saa kumi na moja alfajiri nakusanya maziwa kwa akina mama wa Kiarusha, keni kwa keni, Neema kafungwa kwenye kiti cha pembeni kwa khanga. Nashuka mjini kwa wateja wanne, hoteli mbili, mgahawa na hospitali. Maziwa yakichelewa yanarudishwa, na yakirudishwa mara mbili yule yeyo, yule mama aliyekupa, hakupi tena.

Pikapu ikaanza kunifia kwa mteja wa tatu au wa nne. Stata inasema tki, basi. Nasukumwa na wapishi wa hoteli, napeleka kwa fundi, inachaji vizuri kabisa, kesho yake inakufa tena.

Shemeji yangu, kaka yake mume wangu, mwenye banda la kuuza mbao kule Mbauda, alikuwa anaitaka pikapu hiyo tangu siku iliyofika. Alisema mwanamke ndiye anayeua betri. Alisema ikilala tena mpaka mwisho wa mwezi anaichukua ibebe mbao, na mimi nirudi nyumbani nilee. Mume wangu akaletewa habari huko shimoni, akajibu kwa karatasi ya mistari miwili kwamba kaka kasema sawa. Kwa hiyo lililokuwa mezani lilikuwa hilo: ama pikapu ichaji, ama mimi nirudi kukaa jikoni kusubiri mtu atoke Mererani.

Tukakaa benchini, mimi na shemeji.

"Uligusa nini?" Fundi akaanza na yeye.

"Mimi sijagusa kitu. Mimi hukaa pembeni tu naona."

"Unaona nini?"

"Naona mwanamke anaendesha."

"Hiyo si waya. Unaona nini?"

Mimi nikacheka, na hapo nikastahili kupigwa kofi, kwa sababu zamu yangu ilifuata.

"Mama Neema. Uligusa nini?"

"Maji ya rejeta. Upepo wa matairi."

"Kwenye dashibodi?"

"Hapana."

"Taa nyekundu ya chaji. Ukifungua swichi inawaka?"

"Inawaka," nikasema.

Ilikuwa haiwaki. Globu yake niliichomoa mimi, kwa mkono wangu, wiki moja kabla ugonjwa haujaanza. Kila Jumapili shemeji alipanda nami kwenda kanisani, na kila nilipofungua swichi ile taa iliwaka, kama inavyotakiwa, kabla injini haijashika. Na kila Jumapili alisema, "Taa nyekundu. Ushaharibu." Injini inashika, taa inazima, yeye ameshageuka dirishani anatikisa kichwa. Akawasimulia wazee wa kanisa. Jumamosi moja nikapitisha mkono chini ya dashibodi, nikazungusha kishikio, nikatoa globu ndogo kama punje ya hindi, nikaiweka kwenye kopo la pini za nepi. Kesho yake shemeji akapanda, nikafungua swichi, akatazama, akasema, "Naona sasa umeanza kujifunza." Sijawahi kufurahi hivyo kanisani.

Niseme nini mbele yake kwenye benchi? Kwamba nilimtania? Angeondoka na funguo siku hiyo hiyo. Na mimi nilidhani taa ni taa tu, kama ya chumbani; ukiitoa nyumba haianguki. Fizikia nilisoma mpaka kidato cha nne, nikachora saketi kwenye daftari na kupata vema, na bado nilidhani hivyo.

Fundi akaanza kazi. Akapima maji ya betri, mazuri. Akakaza mkanda. Akafungua alteneta, brashi nzima, akaifunga. Akatoa waya za atha, zile zinazofungwa kwenye bodi, akasugua kwa msasa mpaka zikang'aa, akarudisha. Kila hatua aliniita kwenye usukani.

"Fungua swichi. Taa?"

"Imewaka."

"Piga. Taa?"

"Imezima."

"Kanyaga mafuta."

Nakanyaga, anagusisha globu yake ya kupimia, inawaka kama jua. Anasimama na koti lake la zambarau anaitazama alteneta. "Hii inanichekea," alisema. "Hapa inafanya kazi, ikifika kwako inalala."

Wiki ya pili alifanya jambo ambalo hakuna fundi angelifanya. Alikuja Olmotonyi kwa baiskeli yake isiyo na taa, akafika tunapakia keni. Akaunga waya mrefu kutoka kwenye betri, akaupitisha pembeni ya kioo mpaka nyuma, akafunga globu ya taa kubwa mwishoni, akapanda nyuma na maziwa. Alishuka mlima mzima kasimama katikati ya keni, mkono mmoja kashika bomba, mwingine kashika globu inayowaka, koti linapepea. Watu wa Ngaramtoni walisimama barabarani. Mama mmoja alipiga magoti.

Globu haikufifia hata kidogo mpaka mjini, yaani chaji ilikuwepo njia nzima.

Nitakwambia kwa nini. Barabara ile ni ya mteremko, na sisi wote tunaotoka juu tunaweka gia huru, tunaita fri, gari linashuka lenyewe, petroli inabaki. Mume wangu alinifundisha hivyo siku ya kwanza. Lakini asubuhi ile nilikuwa na fundi nyuma, mtu wa matusi, nikaogopa ataniita kuku tena. Nikashuka kwa gia, injini inanguruma, kama mtu aliye kwenye mtihani wa leseni. Kwa hiyo hata siku alipokuja kuona, nilimficha alichokuja kuona. Sikukusudia. Ningekuwa nimekusudia ningejisikia nafuu.

Mwisho wa mwezi ukakaribia, na Ijumaa moja shemeji akaichukua pikapu akaipeleka kwa fundi mwingine, kijana wa mtaa wa Sokon mwenye duka jipya lililopakwa rangi. Yule akaangalia dakika tano, akatoa alteneta, akafunga nyingine ya mtumba kutoka Dubai, saa moja kazi imekwisha. Jumamosi nikaenda Kaloleni na Neema kumwambia Fundi kwamba gari limepelekwa kwa mwingine. Sikuweza kumwacha asubiri.

Nilimkuta anamfundisha mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwenye gari dogo la Kijapani. Alipenda kufundisha; alikuwa na hasira ya mwalimu na hakuwa na darasa. Nikakaa benchini kumnyonyesha mtoto.

"Mnadhani alteneta inazaliwa na umeme," alikuwa anasema. "Haina. Asubuhi ni chuma tu kinachozunguka. Lazima uichokoze kwanza kwa umeme kidogo wa betri, ndipo ianze kutoa wake. Na umeme huo wa kuichokoza unapita kwenye ile taa ndogo nyekundu. Ile si pambo. Itoe, uone."

"Nikiitoa haichaji kabisa?"

"Ukikanyaga mafuta kwa nguvu inaweza kushtuka yenyewe ikaanza. Lakini ukiendesha kizembe, injini inanguruma polepole, itazunguka bure na betri itakwisha."

Maziwa yalinikatika. Si msemo, maziwa ya kunyonyesha yalikatika kweli, mtoto akaanza kulia. Mteremko wote ule, taa za mbele zinawaka, gia huru, injini imepoa kama uji wa jana. Na bandani kwake, kila siku, "kanyaga mafuta," na alteneta inashtuka.

Nilitakiwa kusema pale pale. Mwalimu yule hakuwa mtu wangu, shemeji hakuwepo. Nikasema, "Fundi, pikapu imepelekwa Sokon." Akasema, "Nimesikia." Akageuka, akampigia kelele mwalimu bila kosa.

Nilirudi nyumbani, nikamngoja shemeji alete pikapu kutoka Sokon, na chai ya saa kumi haijachemka nilikuwa nimesharudisha globu mahali pake. Jumatatu ikachaji. Jumanne ikachaji. Haijawahi kulala tena.

Sifa zote zikaenda Sokon. Shemeji alisimulia kanisani, akasimulia kwenye harusi mbili na msiba mmoja: wiki tatu mzee kashindwa, saa moja kijana kamaliza. Wenye malori ya mbao wakahama. Wenye maziwa wakahama. Benchi la Kaloleni likaanza kuwa na vumbi. Na pikapu ikabaki kwangu, kwa kuwa sasa haikuwa na sababu ya kunyang'anywa. Nililipata nililolitaka kwa jina la mtu mwingine.

Na yeye, mnajua alifanya nini? Alikwenda Sokon kwa baiskeli, akaomba alteneta ya zamani. Wakampa, huku wanacheka. Akaiweka mezani kwake. Akaifungua, akaipima, haina kosa. Akaifunga kwenye gari la mtu, ikachaji. Akaitoa, akaifungua tena. Niliambiwa na watu, kwa sababu mimi nilishaanza kupita barabara ya nyuma. Waliniambia, "Mzee wako kachanganyikiwa na alteneta moja." Miaka minne, kila wateja walipopungua, aliichukua akautafuta ugonjwa wake.

Mwezi uliopita nikasikia mabanda ya Kaloleni yanavunjwa, panajengwa maduka. Nikaenda. Neema yuko chekechea, nilikuwa na mdogo wake mgongoni. Fundi alikuwa kavaa nguo safi, shati jeupe, anapanga vifaa kwenye debe. Amepungua.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Mama Neema. Nilijua umekufa."

"Sijafa."

"Basi ulihama."

"Sijahama pia."

Akaniangalia kidogo, akaendelea kupanga. Kisha akainua ile alteneta, kaisafisha mpaka inang'aa kama sufuria ya harusi. "Hii sijui niifanyeje. Kutupa siwezi, ubovu sijauona. Ichukue wewe. Ukimpata wa kuuona ugonjwa wake, uje uniambie nyumbani."

Nikasema, "Haina ugonjwa, fundi. Taa nyekundu niliitoa mimi."

Aliishusha mezani taratibu. Nikakaa kwenye benchi.

"Ulisema imewaka."

"Nilisema."

"Kila nilipouliza."

"Kila ulipouliza."

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Shemeji, Jumapili, wazee wa kanisa, kopo la pini. Nikamweleza na fri. Sikulia, maana najijua, nikilia naanza kuhurumiwa na sikutaka. Alipomaliza kusikia akasema, "Toka kwenye benchi langu."

Nikatoka. Nilikuwa nimefika barabarani aliponiita.

"Mama Neema. Rudi. Kaa. Sema tena ile sehemu."

"Ipi?"

"Ile kwamba alteneta ni nzima."

"Ni nzima. Ilikuwa nzima siku zote."

"Na brashi?"

"Nzima."

"Na waya zangu za atha?"

"Fundi, ulifanya kila kitu sawa. Aliyekosea nilikuwa mimi."

Alifumba macho kama mtu anayesikiliza kwaya. Alipofumbua, hakuwa amenisamehe hata robo. "Twende Mbauda," alisema. "Uyaseme haya mbele ya shemeji yako."

"Atanichukulia pikapu."

"Achukue. Mimi alinichukulia wateja."

Nimesoma watu wanaandika kwamba wazee wana moyo mkubwa. Huyu hakuwa nao, na alikuwa na haki ya kutokuwa nao. Nikafungua mlango wa pikapu, akapanda pembeni, alteneta kaipakata.

Shemeji alikuwa uani na wapasuaji wanne, wanapanga mbao. Fundi akawaambia waache kazi wasikilize. Nikasema yote, nimesimama, mtoto mgongoni, kwa sauti ya kufika kwa jirani. Nilipofika kwenye globu shemeji akanikatiza.

"Kwa hiyo ulikuwa unanificha mimi. Ulitoa taa kwa ajili yangu."

"Ningeweza kukutoa wewe kwenye kiti ningekutoa wewe," nikasema. "Taa ilikuwa rahisi kufikia."

Wapasuaji wakaangusha mbao kwa kucheka. Shemeji akanyoosha mkono. "Lete funguo."

Nikampa. Alizishika, akazitazama, akanitazama.

"Maziwa ya kesho nani anashusha?" nikauliza.

"Mimi."

"Saa kumi na moja uwe kwa yeyo wa kwanza. Kule juu kabisa, penye matope. Ukichelewa anakutukana kwa Kimasai mpaka mifugo inasikia. Kisha kuna wengine kumi na wawili."

"Kila siku?"

"Ng'ombe hawana Jumapili, shemeji."

Mpasuaji mmoja akasema kwa upole kwamba bosi mwenyewe hufika kazini saa tatu. Shemeji akazizungusha funguo kidoleni. Kisha akazitupa, nikazidaka, akasema kwa sauti kubwa kwamba yeye ni mtu wa mbao, hawezi kuanza kunuka maziwa uzeeni. Fundi hakuvutiwa na hayo. Alikuwa anatazama lori la mbao lililoegeshwa kwenye mteremko wa ua, matairi yamewekewa mawe.

"Kwa nini linaegeshwa kwenye mteremko?"



"Linasukumwa," akasema mpasuaji yule yule.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka," akasema shemeji, chini chini. "Sokon wamebadilisha alteneta mara tatu."

Fundi hakucheka. Aliwatazama wote, mmoja mmoja, na nikamwona anaanza kuwapanga benchini kichwani mwake. "Banda sina tena," alisema. "Kesho nitakuja hapa hapa. Wote mliolishika muwepo."

Nikampeleka kwake Moshono. Tulikuwa hatujafika hata kona ya kwanza alipofungua mdomo.

"Ungeniambia siku ile," alisema, "ningekutukana dakika tano, yakaisha."

"Na sasa?"

"Sasa ni miaka minne."

Akaanza. Alianza na kuku, akapanda juu. Akataja waya mmoja mmoja aliousugua bure, asubuhi aliyopanda mlima kwa baiskeli, yule mama aliyepiga magoti, cheti changu cha kidato cha nne na mwalimu wangu wa fizikia, marehemu au mzima. Alinitukana katikati ya mji wote, na mimi nikaendesha polepole, kwa gia, ili amalize.